UZI: Bagamoyo ndani ya madaftari: nani aliandikwa, nani aliachwa

KaraniWaMrima

Wakuu, salaam.

Kila uzi wa Bagamoyo humu jukwaani huishia kwenye mambo matatu: minyororo, Livingstone na magofu ya Kaole. Siyapingi. Lakini nimewatazama wageni wanaoingia makumbusho ya misheni pale Bagamoyo, ile nyumba ya zamani ya masista iliyojengwa 1876. Wanapiga picha minyororo, wanasoma bango moja au mawili, wanatoka kwenda baharini. Maandishi hayana mwenyewe.

Mimi nadai kwamba watu wa mji ule wamo kwenye karatasi kuliko kwenye chuma. Na karatasi zenye siri nyingi si zile zilizoandikwa ili zisomwe Ulaya. Ni madaftari ya kazi: rejista za ubatizo na ndoa, hesabu za duka na shamba, hati za boma (ofisi ya serikali ya Mjerumani), stakabadhi za kodi. Aliyekuwa akiandika hakuwa na habari kwamba anaandika historia, kwa hiyo hakujipamba sana.

Msingi kwanza, kwa wasiojua. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa Unguja tangu 1863. Machi 1868 Padre Antoine Horner na wenzake wakavuka na kufungua misheni Bagamoyo, mahali ambapo njia ya misafara ya kutoka Unyamwezi na Ujiji ilikuwa inagusa bahari. Wakaweka makazi ya watoto waliokombolewa utumwani, wengi wao wamenunuliwa Unguja kabla soko la watumwa halijafungwa mwaka 1873. Watoto wakikua wanaozeshwa, wanapewa nyumba na kipande cha shamba. Ndicho kile kijiji kinachoitwa Kijiji cha Uhuru. Mwaka 1869 kikapita kipindupindu. Aprili 1872 kimbunga kilichoipiga Unguja kikaangusha na majengo ya misheni. Mapadre wenyewe walikufa kwa homa wakiwa vijana, nenda kasome miaka kwenye makaburi yao.

Sasa chukua rejista ya ubatizo. Lugha ni Kilatini, na mpangilio wake ni ule ule Kanisa Katoliki lilioutumia dunia nzima: tarehe, jina, wazazi, msimamizi, padre aliyebatiza. Kwa mtoto aliyezaliwa kwao hakuna shida. Lakini mtoto aliyetekwa upande wa Ziwa Nyasa akiwa na miaka minne, akapita mikono mitatu ya wafanyabiashara hadi Unguja, pale penye wazazi padre ataandika nini? Anaandika kwamba hawajulikani. Umri unakadiriwa kwa kumtazama meno na kimo. Jina analopewa ni la mtakatifu. Jina aliloitwa na mama yake likiandikwa, ujue padre yule alikuwa na subira siku hiyo.

Wengi huishia hapo, wanasikitika, wanafunga kitabu. Msifunge. Hamieni safu ya wasimamizi, kisha mchukue rejista ya ndoa mlinganishe. Yule aliyebatizwa leo bila wazazi utamkuta miaka kumi baadaye ni bwana harusi, halafu ni msimamizi wa mtoto wa jirani, halafu ni baba ambaye safari hii jina lake limeandikwa kamili kwenye nafasi ya mzazi. Ukiwa na kalamu na karatasi pembeni unaweza kuchora ukoo mpya unavyosukwa na watu ambao koo zao zilikatwa.

Nitaendelea. Mwenye la kuongeza karibu.

PwaniKwetu

Mkuu Karani, andiko zuri, ila nina neno.

Unasema "watu wa mji ule wamo kwenye karatasi". Karatasi za nani? Bagamoyo ulikuwa na bado ni mji wa Waislamu. Majumbe (wakuu wa mji) wa Kishomvi, Waarabu wa Kishihiri na wa Kimanga, Wahindi, Wanyamwezi waliolowea, wote hao hawabatizwi na padre yeyote. Ukisoma mji kwa rejista ya misheni unamsoma mgeni aliyekaa nje ya mji, tena kwa lugha zake.

Nikupe mfano mmoja. Sheikh Ramiya, jina lake Yahya bin Abdallah. Aliletwa Bagamoyo akiwa mtoto, mtumwa kutoka upande wa Kongo. Hakukombolewa na misheni. Alikulia kwenye nyumba ya bwana wa Kiarabu, akasoma dini, akaachwa huru, akapata mali, akawa khalifa, yaani kiongozi, wa twarika ya Kisufi ya Qadiriya, watu wakimfuata kutoka bara na pwani. Mwaka 1916 Waingereza walipoingia wakamfanya liwali, yaani mtawala wa mji, wa Bagamoyo. Alifariki 1931. Maulidi yake mpaka leo yanajaza mji. Sasa mtu wa namna hiyo, mtumwa aliyekuja kuwa liwali, kwenye hayo madaftari yako yuko wapi? Kama makumbusho inasimulia utumwa na uhuru kwa watoto wa misheni peke yao, imesimulia nusu. Na nusu hiyo ndiyo ndogo.

Halafu huo "uhuru" wenyewe tuuseme vizuri. Watoto walikuwa wanaamka kwa kengele, wanasali kwa kengele, wanalima kwa kengele. Wengine walitoroka. Waliotoroka kutoka kwenye uhuru tuwaiteje?

KaraniWaMrima

PwaniKwetu, hapo umenisaidia kuliko unavyodhani. Hoja ya kengele nakubaliana nayo bila kupunguza. Misheni ilikuwa shamba kubwa, minazi ile haikujipanda, na aliyekuwa anaipanda ni huyo huyo "aliyekombolewa". Tena ushahidi wa utoro huupati kwa adui wa misheni. Unaupata kwenye barua na shajara za mapadre wenyewe, wakilalamika. Ndiyo maana nasema daftari la kazi linasema asichotaka kusema mwenye daftari.

Kuhusu Sheikh Ramiya, karatasi za upande ule zipo, ila hazikai kwenye kabati la vioo. Ijaza, ile idhini ya sheikh kwa mwanafunzi wake, ni waraka. Silsila ya twarika, inayotaja nani alipokea kutoka kwa nani, ni waraka wenye majina yaliyopangwa kuliko rejista yoyote ya padre. Hati ya wakfu wa msikiti au kiwanja ni waraka. Barua za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, ambazo liwali, jumbe na mfanyabiashara waliandikiana kila siku, ni nyaraka. Zimo kwenye masanduku ya familia, chini ya Misahafu. Zanzibar walikusanya za kwao mapema, na mkusanyiko wao wa miswada na vitabu vya Kiarabu uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003. Bara tumechelewa.

Makumbusho ya jamii inayojiheshimu ingepita nyumba kwa nyumba. Si kuchukua, kupiga picha tu na kumrudishia mwenyewe sanduku lake.

Mzigo_wa_Pili

Nafuatilia kwa karibu. Mimi babu zangu ni wa Tabora. Hawa wapagazi waliokuwa wanashuka kila mwaka, kuna karatasi yoyote inayowataja? Au walipita kama upepo?

KaraniWaMrima

Swali zuri. Kwa majina wametajwa mara chache mno, kwa mizigo wametajwa kila siku.

Tafuta hesabu za wafanyabiashara. Msafara wowote ulianzia dukani. Hapo utakuta pembe kwa frasila, na frasila moja ni kama kilo 16. Utakuta vitambaa vya merikani na kaniki kwa doti, yaani mikono minane, na shuka ni nusu yake. Utakuta ushanga, waya wa shaba, baruti. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, mbali na mkeka wake, sufuria na posho. Posho nayo ilihesabiwa kwa kibaba. Kwa hiyo ukikuta hesabu inayoonyesha mizigo 300 na posho ya siku kadhaa, umeshahesabu watu, hata kama karani hakuandika jina lolote isipokuwa la kirangozi, yule anayewatangulia wapagazi njiani. Wanaopenda kusema wapagazi wote walikuwa watumwa waende kwenye hesabu hizo hizo watafute malipo ya mwanzo. Mtumwa hapewi kitangulizi. Mnyamwezi alipatana bei, akapokea sehemu kabla ya kuinua mzigo, na kiongozi wa msafara aliyemdanganya aliachwa njiani na mizigo yake.

Kwa upande wa duka, mtu wa kumfuatilia ni Sewa Haji. Wakazi wa Dar wanalijua jina kwa sababu ya jengo la Sewahaji pale Muhimbili. Alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi, ngome yake Bagamoyo, na kwa miaka mingi Mzungu aliyetaka kwenda bara alipitia kwake kwa wapagazi na bidhaa. Baadaye alitoa fedha za hospitali Dar es Salaam, na jengo la shule Bagamoyo kwa sharti kwamba lisibague rangi. Alifariki 1897.

Sasa tazama karatasi zinavyocheza na mtu. Mwaka 1871 Stanley alikuja Bagamoyo kupanga msafara wa kumtafuta Livingstone. Aliporudi akaandika kitabu, na ndani yake analalamika vikali juu ya kijana wa Kihindi aliyempunja kwenye mambo ya wapagazi. Jina analoliandika ni "Soor Hadji Palloo". Ndiye huyo huyo Sewa Haji Paroo, na wakati huo alikuwa na miaka kama ishirini. Mtafiti anayetafuta "Sewa" kwenye faharasa hampati. Kwenye kitabu cha mteja ni tapeli, kwenye kumbukumbu za hospitali ni mfadhili.

kasuku_wa_stoo

Kwa hiyo Stanley alipigwa na dogo wa Bagamoyo, akaenda kushtaki kwa dunia nzima 😂😂 Endelea mkuu.

DadaWaDunda

Mimi niingie kwenye vita ya 1888, maana hapo ndipo karatasi zinapogongana uso kwa uso.

Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar alisaini mkataba na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, wakabidhiwa usimamizi wa pwani na ushuru wake. Agosti wakaja kuchukua. Bagamoyo ugomvi ukaanzia kwenye bendera: mwakilishi wa Kampuni akataka bendera ya Sultani kwenye nyumba ya liwali ishushwe. Kwenye karatasi za Kampuni hilo ni jambo la utaratibu. Mjini lilikuwa matusi mbele ya watu. Septemba mji ukashambuliwa, askari wa manowari ya Kijerumani Leipzig wakashuka, nyumba zikaungua. Kiongozi upande wa Pangani na Bagamoyo ni Abushiri bin Salim, upande wa Saadani ni Bwana Heri.

Misheni ikajikuta katikati. Mapadre walikuwa Wafaransa, Wajerumani hawakuwa ndugu zao, na Abushiri aliwaheshimu. Maelfu ya watu wa mjini, Waislamu na wasio Waislamu, walikimbilia kwenye ardhi ya misheni. PwaniKwetu, hapo mgeni wako wa "nje ya mji" akawa ndiye mwenye mji wote uani kwake! Padre Étienne Baur alifanya kazi ya mshenga. Abushiri alipowashika wamisionari wa Kiingereza, na baadaye Wabenedikto waliokamatwa Pugu Januari 1889, mazungumzo ya kuwakomboa yalipitia Bagamoyo. Fikirieni jambo hilo. Misheni iliyoanza kwa kulipa fedha kuwakomboa watoto wa Kiafrika, miaka ishirini baadaye inashughulikia fidia ya Wazungu.

Mei 1889 Wissmann, kamanda wa Wajerumani, akaja na jeshi la kukodi, akaivunja kambi ya Abushiri pale Nzole, karibu na Bagamoyo. Desemba 15 mwaka huo Abushiri alinyongwa Pangani.

Vita hiyo hiyo ukiisoma kwenye ripoti za Kijerumani inaitwa "uasi wa Waarabu". Jina hilo lilichaguliwa kwa makusudi, lipate kura na fedha bungeni Berlin kwa kisingizio cha kupiga vita utumwa. Ukimsoma Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliyetunga utenzi wa vita vya Wadachi (Wajerumani) akiwa mtu wa Mrima, pwani hii hii, mwenyewe, unakuta watu wa pwani wa kila namna wanagombania nchi na heshima. Shajara ya misheni nayo ina habari za tatu: leo wamekuja wakimbizi wangapi, chakula kimebaki kiasi gani, nani kafa. Mimi ningeziweka zote tatu kwenye meza moja, ukurasa kwa ukurasa, mtoto wa shule asome. Hapo hahitaji mwalimu wa kumwambia nani mkweli.

Tena huko kwetu Dunda ndiko alikotoka Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyeandika habari za desturi za Waswahili kikachapwa Ujerumani 1903. Alifundisha Kiswahili Berlin, akaoa Mjerumani mwaka 1904, na walipotaka kurudi huku pamoja serikali ya koloni ikawazuia kushuka Dar es Salaam. Akaishia Ujerumani, akafia huko 1927. Kitabu chake kina habari za watumwa, madeni na safari za bara, vimesemwa na mtu wa mji kwa lugha ya mji. Ajabu ni kwamba vijana wengi wa Bagamoyo wanamjua Stanley na hawamjui yeye.

PwaniKwetu

DadaWaDunda umeua. Hiyo ya wakimbizi naikubali, ingawa nitasema: aliyekimbilia uani kwa mtu hakuwa na hiari kubwa.

Mgeni_Jana

Naomba kuuliza bila kukera. Mnamsema Livingstone kama hana maana, lakini mwili wake si ulilala hapo kanisani?

KaraniWaMrima

Ulilala, na hakuna anayekera. Alifia kwa Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873. Watumishi wake Susi, Chuma na wenzao wakauzika moyo pale pale, wakaukausha mwili, wakaubeba miezi mingi hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Ukawekwa misheni, kisha ukachukuliwa kwa meli ya Waingereza kwenda Unguja. Ule mnara wa kanisa la zamani ndio unaoitwa Mnara wa Livingstone mpaka sasa. Londoni alizikwa Aprili 18, 1874.

Lakini hata hapo muulize mtu wa karatasi. Katika kundi lile alikuwemo kijana Myao, Jacob Wainwright, aliyewahi kuwa mtumwa na kusomeshwa Nashik, India. Yeye ndiye aliyechonga maandishi kwenye mti kwa Chitambo, na aliandika shajara ya safari. Kwa zaidi ya miaka mia wasomi waliijua kwa tafsiri ya Kijerumani iliyochapwa 1874. Daftari lenyewe la mkono wake, kwa Kiingereza, liko kwenye makumbusho ya Livingstone mjini Blantyre, Scotland, na lilichapishwa mtandaoni 2019. Kwa hiyo safari maarufu kuliko zote zilizoishia Bagamoyo ina shahidi Mwafrika aliyeandika mwenyewe. Sioni kwa nini nakala yake isiwe ukutani, ukubwa sawa na picha ya Livingstone.

MtunzaKabati

Salaam wote. Mimi ni mtu wa nyaraka kwa kazi, si wa Bagamoyo. Nitupie mambo ya ufundi, maana naona mnazungumza kana kwamba karatasi hujisoma.

Karatasi isiyo na tarehe usiikate tamaa, itazame fedha. Ikitaja reale, uko enzi ya Masultani au mwanzoni mwa Wajerumani. Ikitaja rupia na pesa, pesa 64 kwa rupia moja, ni kabla ya mabadiliko ya 1904. Kuanzia hapo rupia moja ni heller 100. Shilingi ya Afrika Mashariki inaingia mwanzoni mwa miaka ya 1920. Ikiwa ni stakabadhi ya kodi ya nyumba ya Mjerumani, haiwezi kuwa kabla ya 1898.

Tarehe za Hijria zinawapiga chenga wengi. Mwaka 1306 ulianza Septemba 1888, kwa hiyo barua nyingi za wakati wa vita anazozisema DadaWaDunda zitakuwa na 1305 au 1306. Halafu siku ya Kiislamu huanza magharibi. Barua iliyoandikwa usiku wa kuamkia Ijumaa ni ya Ijumaa kwa mwandishi, na ni ya Alhamisi usiku kwa padre. Siku moja ya tofauti imeshawagombanisha watu wazima kuhusu nani alifika kwanza.

Mwandiko wa Kijerumani wa zamani, ule unaoitwa Kurrent, hata Mjerumani wa leo hausomi bila kujifunza. Jifunzeni alfabeti yake, ni kazi ya wiki chache, msisubiri mfadhili. Kumbukumbu za enzi ya Mjerumani zilizoko kwenye Nyaraka za Taifa Dar es Salaam ziliingia orodha ya UNESCO mwaka 1997, na wanaokwenda kuzisoma wengi ni wageni. Karatasi za shirika la mapadre zaidi ziko kwenye nyaraka zao Chevilly-Larue, Ufaransa.

Na nyie wenye karatasi majumbani, nawaomba: msizipeleke kupigwa plastiki ya moto. Joto na gundi vinaua karatasi, na ukishabandika huwezi kubandua. Msizibe mipasuko kwa seloptepu. Wino wa zamani una chuma ndani yake, ukipata unyevu wa pwani unakula karatasi herufi zinabaki matundu. Weka kwenye bahasha ya karatasi safi, ndani ya boksi, juu ya rafu, mbali na ukuta ambako mchwa hupandia. Piga picha pande zote mbili kwa mwanga wa dirishani, bila flashi. Na usitoe karatasi kwenye kifurushi chake bila kuandika ilikuwa ya ngapi. Barua tano zilizofungwa pamoja kwa uzi zilifungwa na mtu mwenye sababu.

kasuku_wa_stoo

Mzee wangu alipiga plastiki cheti cha shamba cha mwaka 1958. Ngoja nikae kimya.

Mjukuu_wa_Magomeni

Wakubwa shikamooni. Nimesoma uzi wote ndiyo nikapata ujasiri.

Kwenye sanduku la marehemu bibi kuna karatasi moja nene, ina muhuri wa tai. Juu imeandikwa "Freibrief". Naona jina la babu yake bibi, neno Manyema, jina la mtu mwingine la Kiarabu, neno Bagamoyo, mwaka 1903. Familia imegawanyika. Wengine wanasema ni cheti cha uaskari wa Mjerumani. Mjomba anasema ni cheo. Kuna shangazi akiiona anaondoka chumbani. Ni nini hii?

KaraniWaMrima

Marahaba mwanangu. Ni hati ya uhuru. Sio ya askari wala ya cheo.

Nikueleze taratibu, na ukitaka kuwaeleza nyumbani chagua wakati. Wajerumani hawakufuta utumwa walipotawala. Walikataza biashara ya kuuza na kununua, lakini aliyekuwa mtumwa wa mtu alibaki hivyo mpaka apate karatasi ya boma. Mwaka 1901 wakaweka kanuni kwamba mtumwa ana haki ya kujikomboa kwa kulipa. Mwaka 1904 wakatangaza kwamba watakaozaliwa kuanzia 1906 wanazaliwa huru. Kufutwa kabisa kukaja chini ya Mwingereza mwaka 1922. Kwa hiyo hati ya 1903 inaangukia pale katikati, wakati uhuru ulikuwa na bei.

"Manyema" ni kabila au nchi aliyotokea, maeneo ya mashariki ya Kongo. Jina la Kiarabu yaelekea ni la bwana wake, au la mrithi wa bwana. Sasa tafuta sehemu inayosema sababu. Hati hizi zilitolewa kwa njia tofauti: bwana mwenyewe kumwacha huru, serikali kumtoa kwa kosa la bwana au kwa amri yake, au kukombolewa kwa malipo. Ukiona neno Loskauf au Freikauf, ni malipo. Na hapo swali kubwa ni nani alilipa. Wengine walijilipia kwa vibarua vya miaka. Wengine walilipiwa na ndugu. Wengine walilipiwa na wenye mashamba ya Kizungu waliokuwa na njaa ya wafanyakazi, kisha wakatakiwa kulima mpaka deni liishe, yaani mtu anatoka kwa bwana mmoja anaingia kwa mwingine akiwa na karatasi mkononi. PwaniKwetu atafurahi hapa, kengele imerudi.

Shangazi yako anajua zaidi ya anavyosema. Usimlazimishe.

PwaniKwetu

Sifurahi hata kidogo mkuu. Ila mjukuu, neno moja: pwani yetu nusu ya watu wana karatasi hiyo au waliitupa. Usione haya.

Mjukuu_wa_Magomeni

Asanteni sana. Nimerudi kuitazama kwa mwanga wa dirishani kama alivyosema MtunzaKabati. Neno ni Loskauf. Chini yake kuna jina la mwanamke, la Kiswahili, na kiasi cha rupia ambacho sikisomi vizuri. Si la Mzungu wala si la misheni. Nyuma kuna namba na mkwaju (/).

MtunzaKabati

Namba yenye mkwaju kawaida ni ya daftari la ofisi iliyotoa hati, namba ya ingizo na mwaka. Iandike kama ilivyo, bila kurekebisha chochote, pamoja na jina la ofisi lililo kwenye muhuri. Ukienda Nyaraka za Taifa omba orodha ya jalada za Wajerumani za Bagamoyo, uanze na mwaka huo. Peleka picha, hati yenyewe iache nyumbani.

KaraniWaMrima

Na kabla hujaenda Dar, litaje hilo jina la mwanamke mbele ya shangazi. Jina tu, hati usiitaje. Kisha uje utuambie kama alikaa au aliondoka.